UZI: Popo wenye pua ya ajabu kwenye makalavati ya reli, Uvinza hadi Kaliua. Wanaowajua njooni

Mzee wa Gengi (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Nimefanya kazi ya gengi la reli miaka ishirini na sita, sehemu kubwa kati ya Uvinza na Kaliua. Kwa wasioijua kazi hiyo: unatembea juu ya mataruma tangu alfajiri, nyundo begani, unakaza boliti, unaangalia kokoto kama zimehama, na kila ukifika kwenye kalavati, yaani njia ya maji chini ya reli, unashuka na kuinama kuona kama maji yamekula msingi. Reli hii Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914, kwa hiyo baadhi ya makalavati tuliyokuwa tunakagua yana umri mkubwa kuliko babu zetu.

Sasa, ndani ya makalavati hayo nimekutana na popo wengi. Wapo wale wanaojibanza kwenye nyufa kama mende, ukimulika wanarudi nyuma kinyumenyume. Hao siwazungumzii. Ninaowaulizia hawajibanzi popote. Wananing'inia peupe katikati ya dari, kila mmoja na nafasi yake, wamejifunika mbawa mwili mzima kama mama aliyejitanda kanga asubuhi ya baridi. Ukiingia wanaanza kuzungusha kichwa na masikio, kushoto, kulia, halafu mmoja anajiachia na kuondoka bila kelele.

Na pua! Sijui niielezeje. Ni kama mtu amechukua sikio la mtoto mchanga akalibandika puani, halafu juu yake akachomeka ncha ya mkuki.

Maswali yangu ni mawili. Ni popo gani hawa, na wanapatikana wapi zaidi ya huku kwetu? La pili ndilo linaloninyima usingizi tangu nistaafu: kwa nini kalavati hili wapo miaka nenda miaka rudi, na lile la mita mia tano mbele, lililojengwa na fundi huyo huyo, sijawahi kukuta hata mmoja?

Bint Katonga

Picha mzee wetu. Bila picha hii ni chai ya rangi.

Mzee wa Gengi

Binti yangu, nimeweka hapo juu. Imepigwa na simu ya mwanangu, mkono ulitetemeka, lakini pua inaonekana.

Kandambili

Hao ndio wanaomaliza maembe huku Tabora, mwezi wa kumi na moja mtu hulali. Chomeni tairi humo ndani wahame. Mnawalea wa nini?

Mwl. Baiolojia Kasulu

Shikamoo mzee. Mwenye Kandambili naomba nikurekebishe kabla watu hawajabeba matairi.

Popo wa maembe ni popo wa matunda. Ana macho makubwa, uso kama wa mbwa, pua safi isiyo na kitu, na anayelala kwenye miembe ya Tabora kwa makundi anapenda mti, hana haja na kalavati. Huyu wa mzee ana macho madogo kama punje za mtama na hajui embe lina ladha gani. Anakula nondo, mende, mbawakawa, na kumbikumbi wakitoka. (Nondo wa mabawa, siyo nondo za ujenzi, maana najua humu kuna mafundi.)

Ni wa jenasi inayoitwa Rhinolophus. Wazungu wanawaita popo wa kiatu cha farasi kwa sababu ya ile ngozi ya chini inayozunguka matundu ya pua. Wako spishi zaidi ya 100, wote wa dunia ya huku kwetu: Afrika, Ulaya, Asia hadi Australia. Amerika nzima, kaskazini mpaka kusini, hakuna hata mmoja.

Bint Katonga

Kiatu cha farasi? Kigoma hii farasi mwenyewe tunamwona kwenye televisheni, tutajua kiatu chake? Tumwite pua-kwato yaishe.

Mwl. Baiolojia Kasulu

Pua-kwato nimelipenda. Kuanzia sasa nalitumia.

Nirudi kwa mzee. Kwa picha hii siwezi kuapa ni spishi ipi, na asikudanganye mtu kwamba anaweza. Ila ukubwa unasaidia. Kipimo chao ni mfupa wa mkono, kutoka kiwiko hadi kifundo. Wa kundi linaloitwa la Lander wana kama sentimita 4 hadi 4 na nusu. Yule anayeitwa wa Hildebrandt anapita sentimita 6, na ukimwona utajua tu kwamba huyu ni baba yao. Wako kadiri gani?

Mzee wa Gengi

Wadogo. Amejikunja hivyo, anaingia kwenye kiganja na nafasi inabaki. Rangi si moja. Wengi kijivu cha moshi, lakini wapo wekundu kabisa, kama udongo wa Kasulu. Mmoja niliyemkuta amekufa chini, dume, alikuwa na manyoya ya kahawia-nyekundu kwapani, yamesimama kama mswaki.

Mwl. Baiolojia Kasulu

Mzee, hapo kwapani umenipa zawadi! Madume wa kundi la Lander wanajulikana kwa manyoya hayo. Na rangi mbili ni kawaida yao, kijivu na chungwa ndani ya spishi moja, kwa hiyo rangi isikudanganye.

Jina lenyewe limetoka mbali. Popo huyu alielezwa kitaalamu mwaka 1838 kutoka kisiwa cha Bioko, Guinea ya Ikweta ya leo, akapewa jina la Richard Lander, Mwingereza aliyeufuata mto Niger hadi baharini mwaka 1830 na kufia kisiwani humo miaka minne baadaye. Tangu hapo popo wa aina hiyo wakaonekana kuanzia Senegali, wakashuka hadi kusini mwa bara. Kwa miaka mingi wote waliitwa jina moja. Siku hizi baadhi ya wataalamu wanawatenga: wa magharibi wabaki na jina la Lander, wa mashariki na kusini, ndiko tuliko, waitwe Rhinolophus lobatus, jina ambalo Mjerumani Peters alishalitoa mwaka 1852 kisha likawekwa kabatini.

Makazi yao ni mapana. Misitu ya kando ya mito, miyombo, savana yenye miti, pembezoni mwa msitu mnene. Mchana wanalala mapangoni, kwenye mashimo ya migodi iliyoachwa, ndani ya mibuyu na miti mingine yenye uvungu, nyumba zisizokaliwa, na kama hivyo, makalavati.

Mkata Tiketi

Mwalimu umejibu swali la kwanza. La pili umelikimbia.

Mwl. Baiolojia Kasulu

Sijalikimbia, nilikuwa nasahihisha madaftari. Lakini kwanza mzee atujibu: hilo kalavati lisilo na popo likoje? La duara au la upinde? Na nje yake kuna nini, pori au shamba?

Mzee wa Gengi

Nimekaa nikayapitia kichwani moja moja, tangu Malagarasi, Nguruka, Usinge, mpaka Kaliua.

Yenye popo: ya mawe, ya upinde, mtu unasimama wima au unainama kidogo. Ndani giza, upepo haupiti moja kwa moja, dari limekwaruza. Na mara nyingi pori liko palepale, miyombo inafika karibu na tuta, au kuna kijito chenye miti pande zote.

Yasiyo na popo: mabomba ya zege ya duara tuliyobadilisha baadaye, hayo sijawahi kuwaona hata siku moja. Lakini hata yale ya mawe, yakiwa katikati ya mashamba ya tumbaku, popo hakuna. Na hapo ndipo ninapokwama. Kuhusu bomba naelewa, laini na jembamba. Hilo la mawe katikati ya shamba lina kosa gani?

Mwl. Baiolojia Kasulu

Mzee, katika humu ndani wote wewe ndiye utakayenielewa haraka, kwa sababu umeishi na treni.

Treni inakuja, dereva amebana honi. Wewe umesimama kando ya njia. Ikikaribia sauti ni nyembamba, ya juu. Ikikupita tu inaporomoka, inakuwa nene. Dereva hajagusa kitu, honi ni ile ile. Mwendo ndio umeibana sauti mbele na kuitawanya nyuma.

Sasa huyu pua-kwato hapigi kelele kwa mdomo kama popo wengi. Anatoa sauti kwa pua, mdomo umefungwa, na ile ngozi ya ajabu ndiyo tarumbeta yake, inaielekeza sauti mbele. Sauti yenyewe ni noti moja ndefu isiyopanda wala kushuka, na sikio lake limetegwa lisikie vizuri kupita kiasi kwenye noti hiyo hiyo. Shida inakuja akiruka. Anaukimbilia mti, kwa hiyo mwangwi unamrudia umepanda juu, kama honi ya treni inayokuja, na umetoka nje ya pale sikio lake linaposikia vizuri. Anafanyaje? Anashusha sauti yake mwenyewe, kwa kiasi kile kile ambacho mwendo wake utaipandisha, ili mwangwi urudi palepale anapoutaka. Anafanya hivyo kila mara, huku akiruka gizani kati ya matawi. Mjerumani Hans-Ulrich Schnitzler ndiye aliyelionyesha jambo hili mwaka 1968.

Faida yake? Majani yametulia, mwangwi wao umetulia. Nondo akipiga mabawa, mwangwi unametameta kama kioo kinachochezeshwa juani. Popo anajua papo hapo kwamba kile ni chakula na lile ni jani. Ndiyo maana anaweza kuwinda ndani ya kichaka ambako popo wengine wangechanganyikiwa. Wakati mwingine haruki hata. Ananing'inia kwenye tawi, anazungusha kichwa kama ulivyoona, nondo akipita anamfuata, anarudi tawini kula.

Sasa hasara yake, na hapa ndipo jibu lako lilipo. Sikio letu linaishia mitetemo 20,000 kwa sekunde. Kundi la Lander linapiga zaidi ya 100,000. Sauti ya juu namna hiyo hewa inaimeza haraka, haifiki mbali. Kwa popo huyu dunia inaishia mita chache mbele ya pua yake. Ndani ya miyombo hiyo inamtosha, kila upande kuna kitu cha kumrudishia mwangwi. Mtoe umweke katikati ya shamba la tumbaku lililofyekwa, ni kama kumvua mtu miwani na kumwacha uwanja wa ndege usiku. Mbawa zake nazo ni fupi na pana, za kugeuka upesi, siyo za safari ndefu. Kalavati lako la shambani linaweza kuwa jumba zuri, lakini hana njia ya miti ya kumfikisha kazini.

Mzee wa Gengi

Mwalimu, nimesoma mara tatu. Honi ya treni nimeisikia maisha yangu yote, leo ndiyo nimeielewa.

Fundi Bati Mwanga

Na kwa nini hawaingii kwenye nyufa kama wale wengine? Kwenye kenchi za nyumba huku Mwanga nawakuta wamejaa chini ya bati, lakini hawa wa pua sijawaona.

Mwl. Baiolojia Kasulu

Miguu, fundi. Wale wa chini ya bati wanatambaa vizuri kwa nne, wanaingia upenyo wa kidole. Pua-kwato miguu yake ni ya kuning'inia tu, kutambaa hawezi. Anahitaji mlango wa kupita akiruka, dari la kushika kucha, na nafasi tupu chini ya kujiachia. Mnyama wa hivyo ukimnyima dari umemnyima nchi, hata chakula kikiwa tele.

Mdigo Mpole

Nipo Tanga, nimepita tu, lakini siwezi kuondoka bila kuwatambia. Sisi tuna pua-kwato mwenye jina la Kiswahili! Rhinolophus maendeleo. Alielezwa mwaka 2000 na Kock, Csorba na Howell, huyo wa mwisho akiwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Amepatikana msitu wa mapango ya Amboni, kwenye bonde la Mkulumuzi, na huko Usambara Magharibi. Ninyi wa bara endeleeni na Lander wenu.

Kandambili

Maendeleo yenyewe yamejificha pangoni Tanga. Ndiyo maana huku hatuyaoni.

Mkata Tiketi

😂😂 Uzi ufungwe.

Dada wa Hospitali

Usifungwe kwanza. Mimi ni muuguzi na nina swali la maana. Hawa si ndio wa Korona? Na Marburg ya Kagera je? Kakonko kwetu na Kagera ni pua na mdomo.

Mwl. Baiolojia Kasulu

Swali zuri dada. Virusi vilivyo karibu zaidi na cha Korona vimepatikana kwa pua-kwato wa Asia, China na Laos, spishi nyingine kabisa na hawa wa Malagarasi. Marburg, iliyotokea Kagera mwaka 2023 na tena 2025, inahusishwa na popo wa matunda wanaolala mapangoni, siyo hawa. Hata hivyo sitamwambia mtu awashike. Popo yeyote anaweza kung'ata, na wapo popo wenye virusi vya jamaa ya kichaa cha mbwa. Vumbi la kinyesi kikavu pangoni nalo lina kuvu wa kuumiza mapafu. Mzee, wewe uliyekuwa unaingia kila siku, ungefunika pua.

Mzee wa Gengi

Tulikuwa tunafunika kwa leso, kwa sababu ya harufu tu.

Mtoto wa Ziwa

Mimi mvuvi wa Kibirizi, swali langu ni la ng'ambo. Kule Kongo milima inaonekana hewa ikiwa safi. Popo wa kule na wa huku ni wale wale?

Mwl. Baiolojia Kasulu

Baadhi ndiyo, baadhi hapana, na hapa ndipo panaponisisimua. Mwaka 2013 watafiti walieleza spishi mbili mpya za pua-kwato wenye masikio makubwa kutoka mashariki ya Kongo. Mmoja, Rhinolophus kahuzi, ni wa mlima Kahuzi. Wa pili, Rhinolophus willardi, ni wa milima ya Misotshi-Kabogo, yaani hiyo hiyo unayoiona ng'ambo ukiwa kwenye mtumbwi kuelekea kusini! Hawa si kama wa mzee. Ni wa msitu wa mlimani, baridi na ukungu. Ukishuka kwenye joto la miyombo humpati.

Na juu ya Burundi, msitu wa Nyungwe nchini Rwanda, yupo Rhinolophus hilli. Huyo alitoweka machoni mwa watu karibu miaka 40, wakadhani ameisha. Akakamatwa tena mwaka 2019, ikatangazwa 2022. Anajulikana msitu huo mmoja tu duniani.

Kwa hiyo wapo wa kundi la Lander wanaokaa karibu nusu bara, na wapo ndugu zao wanaokaa mlima mmoja.

Mtoto wa Ziwa

Kumbe naviona vitu kila siku na sijui naona nini.

Mnyamwezi wa Sikonge

Mimi mrina asali. Mwalimu umetaja miti yenye uvungu, nathibitisha. Kuna mbuyu tunaupitia kwenda kwenye mizinga, ndani yake unaweza kulala watu wanne, na hao wa pua wamo. Huwa hatuwashi moto humo, wazee walikataza. Ila miti mingine ya namna hiyo imeondoka. Mchoma mkaa hapendi mti mzima tu, hata ule mzee wenye uvungu anaumaliza kwa sababu ni rahisi kuuangusha.

Kandambili

Sawa, nimefuta wazo la tairi. Lakini mzee, hakuna aliyewahi kujaribu?

Mzee wa Gengi

Nilitaka nisiliseme hili.

Yupo. Miaka hiyo tulikuwa na mkubwa mmoja wa kazi, simtaji, alichoshwa na harufu akaagiza kalavati moja lifukizwe kabla hatujaingia kukarabati. Tukachoma tairi. Ilikuwa Novemba, mvua za kwanza zimeshaanza. Wakubwa wakatoka wengi, wakazunguka juu ya tuta mchana kweupe, mwewe akawa anajichagulia. Tulipoingia jioni tukakuta chini wametapakaa, na wengine wamekufa na watoto wamening'inia tumboni, kichwa chini kwenye kinena cha mama. Nilikuwa sijui kama popo hubeba mtoto namna hiyo.

Kalavati hilo nililipita miaka kumi na moja baada ya siku ile. Hawakurudi.

Mwl. Baiolojia Kasulu

Pole mzee. Ndiyo, jike ana chuchu mbili za uongo kinenani, hazitoi maziwa, ni za mtoto kushikilia. Na anazaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Panya akimalizwa leo, baada ya miezi sita wamejaa tena. Popo hawezi hivyo.

Dada wa Hospitali

Nimesoma hapo nikanyamaza.

Mkata Tiketi

Na reli mpya je? Ile ya kisasa kutoka Tabora kuja Kigoma inajengwa. Makalavati ya zamani yatabaki?

Mzee wa Gengi

Hayo yanaamuliwa na waliosoma. Mimi ningeomba kitu kimoja tu: pale ambapo njia ya zamani itaachwa, makalavati ya mawe yasibomolewe wala kuzibwa. Hayana gharama yoyote kuyaacha.

Halafu mwalimu, jambo la mwisho. Masika yakikolea maji yanajaa kalavatini na wao hutoweka. Kiangazi ukirudi unawakuta palepale, hata jiwe lile lile. Katikati wanakwenda wapi?

Mwl. Baiolojia Kasulu

Uvungu wa miti, mapango ya miamba, mabanda yaliyoachwa, karibu tu na hapo. Ndiyo maana kalavati moja halitoshi, wanahitaji sehemu mbili tatu zilizounganishwa na miti. Kwa kipande chako mzee, mtu anayeweza kuonyesha zilipo ni wewe. Ukichora hata kwenye daftari la shule, namba ya nguzo ya kilomita, aina ya kalavati, pori au shamba, wapo au hawapo, mwezi gani, hiyo ni kazi ambayo hakuna aliyeifanya kwa miaka ishirini na sita mfululizo akiwa kwa miguu.

Mzee wa Gengi

Daftari ninalo. Nguzo zote ziko kichwani. Ila magoti hayanifikishi tena Usinge.

Kijana wa Nguruka

Shikamoo babu. Nimekuwa nasoma kimyakimya tangu mwanzo. Nipo Nguruka hapa hapa stesheni, nina baiskeli. Nitajie nguzo, Jumamosi napita.

Mzee wa Gengi

Marahaba mjukuu wangu. Nakutumia tatu za kuanzia. Kwanza pita kwa msimamizi wa stesheni umweleze, akwambie treni inapita saa ngapi. Usiende peke yako, na kule karibu na mto angalia sana chini, mamba.

Kijana wa Nguruka

Sawa babu. Tochi nimulike ya kawaida?

Mwl. Baiolojia Kasulu

Funga kitambaa chekundu mbele ya taa. Simama mlangoni, usiingie. Hesabu, piga picha moja bila mwanga wa simu, ondoka. Wakianza kuzungusha vichwa umeshachelewa.

Kijana wa Nguruka (Jumamosi, saa 12 jioni)

Nguzo ya kwanza: upinde wa mawe, pori pande zote. Kumi na saba. Wekundu wanne.
Nguzo ya pili: limebadilishwa, bomba la zege. Sifuri.
Nguzo ya tatu sijafika, mnyororo umekatika. Kesho.